Dola moja na dola ishirini: kupima urithi wa Leon Festinger

Kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha Stanford, anayesoma somo la utangulizi la saikolojia, anaketi mbele ya trei yenye vigurudumu 12 vya kuzungushia uzi. Anavipanga kwenye trei kwa mkono mmoja, anavitoa, anavipanga tena, na hivyo hivyo kwa nusu saa. Kisha analetewa ubao wenye vigingi 48 vya mraba, naye anatakiwa akizungushe kila kigingi robo mzunguko kufuata mwendo wa mshale wa saa, kimoja baada ya kingine, kwa nusu saa nyingine. Kando yake mtafiti ameshika saa na anaandika andika, kana kwamba kuna jambo zito linalopimwa. Kazi ikiisha, kijana anaelezwa kuwa msaidizi ambaye kwa kawaida huzungumza na mshiriki anayefuata ameshindwa kufika, na anaombwa ashike nafasi yake kwa kumwambia msichana anayesubiri kwamba zoezi lile linafurahisha sana. Kwa uongo huo mdogo atalipwa. Baadhi ya vijana waliahidiwa dola 1, wengine dola 20.

Baadaye, mbele ya mhojaji aliyejitambulisha kuwa hana uhusiano na zoezi lile, kila mmoja aliulizwa lilimfurahisha kiasi gani, kwa kipimo cha kuanzia hasi 5 hadi chanya 5. Wale ambao hawakuombwa kusema uongo walitoa wastani wa hasi 0.45. Waliolipwa dola 20 walitoa hasi 0.05. Waliolipwa dola 1 walitoa chanya 1.35. Kwa maneno mengine, aliyelipwa kidogo zaidi ndiye aliyeishia kuamini zaidi uongo alioutamka. Ripoti hiyo ilichapishwa mwaka 1959 na Leon Festinger pamoja na James Merrill Carlsmith, ambaye wakati wa jaribio lenyewe alikuwa bado hajamaliza shahada yake ya kwanza, na tangu hapo ni nadra kupata kitabu cha kiada cha saikolojia ya jamii kisichoisimulia.

Swali linalonishughulisha ni kama simulizi hiyo inaweza kubeba uzito wote uliotwikwa. Nadharia ya Festinger, inayoeleza jinsi mtu anavyotafuta nafuu fikra zake zinapokinzana, na ushahidi wake mashuhuri si kitu kimoja, ingawa walimu wengi, nami nikiwemo, tumezoea kuvifundisha kama pacha. Mtu anaweza kuikubali nadharia na kuutilia shaka ushahidi, au kinyume chake, na mjadala wa miaka ya karibuni umepotoka mara nyingi kwa sababu pande zote mbili hazikutenganisha mambo hayo.

Ili kuona kwa nini matokeo yale yalishtua, ni lazima kukumbuka nani alishika usukani wa utafiti wa mabadiliko ya mitazamo katika miaka ya 1950. Alikuwa Carl Hovland wa Chuo Kikuu cha Yale, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alichunguza athari za filamu ambazo jeshi la Marekani liliwaonyesha askari wake, na baada ya vita akaunda kundi la watafiti lililouliza maswali ya wazi na ya kupimika: nani anasema, anasema nini, anamwambia nani. Mwaka 1951, yeye na Walter Weiss waliwapa wanafunzi maandishi yale yale kuhusu uwezekano wa kutengeneza nyambizi ya nyuklia, wengine wakiambiwa yametoka kwa mwanafizikia J. Robert Oppenheimer na wengine wakiambiwa yametoka gazeti la Kisovieti la Pravda. Chanzo kilichoaminika kilishawishi zaidi mwanzoni, lakini baada ya wiki nne tofauti hiyo ilififia. Chini ya kazi ya Hovland palikuwa na imani kwamba mtazamo hujifunzwa kama tabia nyingine yoyote, na kwamba tuzo huimarisha kinachojifunzwa. Ukimlipa mtu zaidi ili aseme jambo, basi atalikubali zaidi. Festinger alisimama na kusema kwamba, katika mazingira fulani, ukweli ni kinyume kabisa.

Hakuwa mtu ambaye mtu angemtarajia kufanya hivyo. Alizaliwa mwaka 1919 huko Brooklyn, New York, kwa wazazi Wayahudi waliohamia kutoka Urusi, akasoma City College na kuhitimu mwaka 1939, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Iowa kusoma kwa Kurt Lewin, msomi aliyekuwa ameikimbia Ujerumani ya Wanazi. Kwa maelezo yake mwenyewe, hakwenda Iowa kwa ajili ya saikolojia ya jamii, wala hakuwahi kusoma kozi yake hata moja. Alipata udaktari mwaka 1942, akafanya kazi ya takwimu Chuo Kikuu cha Rochester kuhusu uteuzi wa marubani, na mwaka 1945 akamfuata Lewin katika taasisi ya MIT. Lewin alipofariki mwaka 1947, kituo chake cha utafiti kilihamia Michigan, na Festinger akahama nacho; mwaka 1951 alikuwa Minnesota na mwaka 1955 Stanford. Njiani aliacha utafiti wa mwaka 1950 kuhusu nyumba za wanafunzi waliooa za Westgate, ulioonyesha jinsi umbali wa hatua chache kati ya milango unavyoamua nani atakuwa rafiki wa nani, na makala ya mwaka 1954 kuhusu namna watu wanavyojipima kwa kujilinganisha na wenzao. Nayapita haya haraka, si kwa kuwa ni madogo, bali kwa kuwa hayajazua ugomvi kama uliozuliwa na kile kilichofuata.

Kilichofuata kilianzia mbali, katika taarifa za tetemeko la ardhi lililoikumba Bihar, India, mwezi Januari 1934. Katika maeneo yaliyotikiswa lakini yasiyobomolewa, watu walieneza uvumi kwamba maafa makubwa zaidi yanakuja. Mwanzoni jambo hili halieleweki, kwa maana mtu aliyenusurika angetarajiwa kutafuta maneno ya kumtuliza. Festinger alilisoma kwa namna nyingine: watu wale walikuwa na hofu isiyolingana na walichokiona mbele yao, na uvumi uliwapa sababu iliyolingana na hofu hiyo. Kutokana na fumbo hilo, katika kitabu alichokitoa mwaka 1957, alijenga nadharia ambayo hapa naiita ya mgongano wa fikra (kwa Kiingereza, cognitive dissonance). Fikra mbili zinazohusiana zinapokinzana, mtu hupata hali ya kukereka inayomsukuma kutafuta nafuu, kama njaa inavyomsukuma kutafuta chakula. Naye hupata nafuu kwa kubadili moja ya fikra hizo, kwa kuongeza fikra mpya za kuziba pengo, au kwa kulipuuza jambo lenyewe. Mvutaji sigara anayejua hatari yake aidha ataacha, au atajiambia kuwa sigara inamsaidia asinenepe. Kijana wa dola 20 ana kisingizio cha kutosha mfukoni. Wa dola 1 hana, hivyo hubaki na njia moja rahisi, ambayo ni kuamini kwamba vigingi vile havikuwa vibaya kiasi hicho.

Tuanze na upande wa utetezi, kwani una nguvu kuliko wakosoaji wa leo wanavyopenda kukiri. Uzuri wa kwanza wa nadharia hii ni kwamba ilitabiri mambo ambayo akili ya kawaida isingeyatabiri. Mwaka huo huo wa 1959, Elliot Aronson na Judson Mills walionyesha kwamba wanafunzi wa kike waliopitia mtihani wa aibu ili waingie katika kikundi cha mazungumzo walikithamini kikundi hicho zaidi kuliko walioingia kwa urahisi, japokuwa mazungumzo yenyewe yalitengenezwa makusudi yawe ya kuchosha. Uzuri wa pili, ambao kwangu ni mkubwa zaidi, ni kwamba nadharia ilidai kuwepo kwa kitu ndani ya mtu, yaani ule mkereketo, na kitu hicho kikaweza kutafutwa. Mark Zanna na Joel Cooper, mwaka 1974, waliwapa wanafunzi kidonge kisicho na dawa yoyote. Walioambiwa kwamba kidonge kitawafanya wahisi wasiwasi hawakubadili mitazamo yao baada ya kuandika insha inayopingana nayo, kwa kuwa walikuwa na kidonge cha kukilaumu. Walioambiwa kitawatuliza walibadilika zaidi. Jaribio hilo lilimjibu kwa ustadi Daryl Bem, ambaye mwaka 1967 alikuwa amedai kwamba hakuna mkereketo wowote, na kwamba mtu hujisomea mtazamo wake kwa kutazama tendo lake mwenyewe, kama vile ambavyo jirani angemsoma: amesema zoezi ni zuri kwa dola 1 tu, basi lazima alilipenda.

Sasa upande wa pili. Wakosoaji hawakungoja karne hii. Mwaka 1964 Natalia na Alphonse Chapanis walichapisha tathmini kali ya miaka mitano ya kwanza ya majaribio haya, na lalamiko lao moja lilihusu washiriki walioondolewa kwenye hesabu. Hapo inafaa kurudi kwenye ripoti ya mwaka 1959 na kuisoma polepole, mahali ambapo vitabu vya kiada huwa havifiki. Washiriki walikuwa 71. Waliobaki kwenye hesabu ni 60, yaani 20 kwa kila kundi. Kati ya 11 walioondolewa, watano walishuku kwamba malipo ndiyo yaliyokuwa lengo halisi la jaribio. Wawili walimweleza msichana ukweli, kwamba zoezi linachosha ila wameajiriwa kusema linafurahisha. Watatu walikataa pesa na kukataa kazi yenyewe. Mmoja, mara tu baada ya kuzungumza na msichana, alidai namba yake ya simu ili ampigie na kumweleza mambo yalivyo. Saba kati ya hawa 11 walikuwa wa kundi la dola 1.

Mtetezi atasema, na hasemi upuuzi, kwamba mtu ambaye hakusema uongo hakuwekwa katika mgongano unaochunguzwa, kwa hiyo kumhesabu kungekuwa sawa na kupima dawa kwa mgonjwa aliyeitema. Atasema pia kwamba waandishi walieleza wazi nani aliondolewa na kwa nini, uungwana ambao haukuwa desturi ya kila mtu wakati ule. Nakubali yote mawili. Hata hivyo, watu wale ndio hasa walioumaliza mgongano kwa njia nyingine, ama kwa kukataa, ama kwa kusema ukweli, ama kwa kumkimbilia msichana na maelezo. Nadharia inayodai kueleza jinsi watu wanavyotoka katika mgongano haipaswi kuwatoa nje ya chumba wale waliotoka kwa mlango usiotarajiwa. Zaidi ya hayo, swali la kufurahia zoezi lilikuwa moja tu kati ya manne waliyoulizwa. Katika swali la kama wangekubali kushiriki tena zoezi la namna ile, majibu yalielekea upande ule ule kwa nguvu ndogo zaidi. Katika swali la walijifunza nini na la umuhimu wa kisayansi wa zoezi, tofauti hazikuwa za kutegemewa. Anayesimulia jaribio hili kwa namba 1.35 pekee anasimulia robo ya jaribio.

Hoja nzito zaidi, kwa maoni yangu, inahusu jinsi nadharia ilivyookolewa kila ilipobanwa. Mwaka 1965 Milton Rosenberg alihisi kwamba dola 20 zilinuka rushwa, na kwamba vijana walijizuia ili wasionekane watu wa kununuliwa. Alipotenganisha kabisa kazi ya kuandika insha na upimaji wa mtazamo, waliolipwa zaidi ndio waliobadilika zaidi, kama Hovland angetarajia. Miaka miwili baadaye Darwyn Linder, Joel Cooper na Edward Jones walipatanisha pande hizo mbili kwa neno moja, nalo ni hiari. Mtu akiona kwamba angeweza kukataa, malipo madogo hubadilisha mtazamo zaidi. Akiona hakuwa na chaguo, malipo makubwa ndiyo hufanya kazi hiyo. Suluhisho hilo lilikuwa zuri, na kwa karibu miaka 60 hiari imekuwa nguzo ambayo jengo lote limeegemea.

Nguzo hiyo ndiyo iliyopimwa upya na maabara 39 za nchi 19, katika utafiti wa pamoja ulioongozwa na David Vaidis na kuchapishwa mwaka 2024, wenye washiriki 4,898. Badala ya vijana 20 kwa kundi, sasa tuna maelfu. Walioandika insha kinyume na msimamo wao walibadilika zaidi kuliko walioandika juu ya jambo lisilowahusu, na hilo ni la kuzingatiwa. Lakini walioachiwa hiari hawakubadilika kuliko walioamriwa. Athari iliyofundishwa kwa vizazi haikuonekana. Mtetezi anaweza kujibu kwamba kubadilisha maneno machache katika maelekezo si sawa na tamthilia ya Stanford, ambapo mtu aliombwa uso kwa uso, akamdanganya mtu aliye hai, na huyo msichana, kwa mujibu wa mchezo uliopangwa, akamjibu kwamba rafiki yake alishamwonya alikwepe zoezi lile. Jibu hilo lina uzito. Lina hatari pia, kwa maana nadharia inayofanya kazi tu pale ambapo msanii hodari ameandaa jukwaa huanza kuhusu jukwaa kuliko kuhusu mtu.

Tamthilia ndiyo inayotupeleka kwenye kazi nyingine iliyojenga jina lake. Mwaka 1954, Festinger, Henry Riecken na Stanley Schachter walijipenyeza, wao na wasaidizi wao, katika kikundi kidogo kilichomzunguka Dorothy Martin, mwanamke wa Oak Park karibu na Chicago aliyesema anapokea ujumbe kutoka kwa viumbe wa sayari nyingine kwamba gharika litashuka tarehe 21 Desemba. Chombo cha kuwachukua waumini hakikuja usiku wa manane. Karibu na alfajiri ujumbe mpya ulieleza kwamba dunia imesamehewa kwa ajili ya nuru iliyotoka katika kikundi hicho, na watu waliokuwa wakiwakwepa waandishi wa habari wakaanza kuwapigia simu wenyewe. Kitabu cha watafiti hao, kilichotoka mwaka 1956, kikawa mfano wa jinsi imani inavyoimarika inaposhindwa.

Lakini kitabu chenyewe kinakiri mambo yanayopaswa kutusimamisha. Wasaidizi waliingia kwa hadithi za kubuni, mmojawapo ikiwa ndoto ya mafuriko, na waumini walizipokea kama ishara. Katika chumba kidogo, watu watatu wanne wanaojifanya waumini si watazamaji tu. Ni sehemu ya imani inayotazamwa. Kitabu kinakiri pia kwamba waumini waliokuwa mbali na wenzao siku ile wengi wao waliiacha imani, jambo ambalo waandishi walilieleza kwa kukosa uungaji mkono wa kikundi, nalo lilikuwa ongezo lililohitajika ili nadharia isimame. Mwaka 2025 ilichapishwa tathmini mpya iliyotumia nyaraka za Festinger zilizokuwa zimefungwa, ikidai kwamba kikundi kilikuwa kikitafuta kujitangaza hata kabla ya unabii kuanguka, na kwamba watafiti waliingilia mambo kuliko walivyoandika. Bila hata kuifuata tathmini hiyo hadi mwisho, naona kisa hiki hakifai tena kuitwa ushahidi. Kilichobaki ni simulizi iliyompa mtafiti wazo, kama Bihar ilivyompa.

Wepesi wa kutania kwamba wanasaikolojia wanaoshikilia nadharia hii leo ndio mfano wake bora nauacha kwa wengine. Utani huo ni wa zamani, tena hauthibitishi chochote.

Festinger mwenyewe hakukaa kuitetea. Mwaka 1959 alipokea tuzo ya mchango wa kisayansi ya chama cha wanasaikolojia wa Marekani, na ilipofika mwaka 1964 alikuwa ameiacha saikolojia ya jamii na kuanza kuchunguza mienendo ya macho na uoni. Mwaka 1968 alihamia New School mjini New York, mwaka 1979 akafunga maabara yake, akageukia akiolojia na historia ya kale ya binadamu hadi alipofariki mwezi Februari 1989. Wapo wanaouona mwenendo huo kama wa mtu aliyewasha moto na kuwaachia wengine kazi ya kuuzima. Wengine, nami naelekea upande wao, wanaona uaminifu wa aina yake: alipoona kwamba hana jipya la kuongeza, hakujenga himaya. Alipokutana na wenzake mwaka 1987 kuitazama upya nadharia baada ya miaka 30, alisema kwa maana hii kwamba nadharia pekee itakayodumu bila kuguswa ni ile isiyoweza kupimwa. Maneno hayo yanawabana wafuasi wake kuliko yanavyowabana wakosoaji.

Kwa hiyo ninapoyaweka yote mezani, naona madai matatu yenye uzito tofauti. Kwamba mtu akitetea asichokiamini huweza kukisogelea, hilo limesimama, na maabara 39 zimeliona kwa namna fulani. Kwamba kinachomsogeza ni mkereketo wa ndani, hilo lina ushahidi wa kuheshimika kama ule wa kidonge, lakini ushahidi huo ulitoka katika vikundi vidogo vya zama zile zile, nao unastahili mizani ile ile ya mwaka 2024. Kwamba malipo madogo, pamoja na hiari, ndiyo ufunguo, hilo sasa liko mashakani, na mwalimu anayelifundisha kama jambo lililokwisha anafundisha historia akidhani anafundisha sayansi.

Jaribio ambalo ningependa kulisoma ni lile litakalorudisha chumba, msichana na uongo wa ana kwa ana, kwa idadi ya washiriki inayolingana na ukubwa wa dai, likiwa limetangaza mapema nani ataondolewa kwenye hesabu na kwa sababu gani. Waliokataa pesa waandikwe katika matokeo yenyewe, waliomwambia msichana ukweli waandikwe pia, na kijana aliyetaka namba ya simu ahesabiwe pamoja na wenzake.